Mwaka wa Vipande vya Kidonge

Majani ya mgomba yaliyofungiwa miraa alfajiri, yakifika adhuhuri huanza kutoa harufu yake: ya maji, ya udongo, ya kitu kibichi kilichopata joto ndani ya gunia. Juma lililopita harufu hiyo iliingia kwenye duka langu la dawa huku Kaaga ikiwa kwenye koti la kijana mmoja, dereva, macho mekundu, midomo imekauka. Aliegemea kaunta akaomba vidonge vya kulalia. Nikamuuliza karatasi ya daktari iko wapi.

"Sista, mimi na hizo dawa ni watu wa miaka," akasema. "Nipe za leo tu. Kesho naacha zote, wallahi."

"Kesho usiache," nikamwambia. "Nenda hospitali leo hii, waambie ukweli, wakupunguzie polepole."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe ndiye wa kwanza Meru nzima kunikataza kuacha dawa!"

Akaenda zake, harufu ikabaki. Niliketi nyuma ya kaunta yangu, na nasema yangu kwa sababu ni yangu, na jengo ni langu, na ghorofa iliyo juu yake ni yangu pia. Nilikwenda kufanya kazi nchi za Ghuba na begi moja, nikarudi na ramani ya nyumba kichwani, na leo ramani ile imesimama kwa mawe. Hakuna ami wala mbunge aliyenishika mkono. Diploma yangu ya ufamasia imetundikwa ukutani, na kila anayeingia huisoma kabla ya kunisalimu. Lakini nilichomwambia yule kijana sikukipata chuoni. Wenzangu walipokuwa wakikisoma darasani, mimi nilikuwa nimeshakiona, kwenye sahani ya chai ya mama yangu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mji wa Maua mnazikumbuka pikapu za miraa. Zilishuka kwa taa na honi, mizigo imefunikwa majani, na kila mtu, mpaka mbuzi, alijua kuzipisha. Baba yangu, Athumani, aliendesha mojawapo. Babu aliwaachia wanawe wawili pikapu ile: baba akashika usukani, na mdogo wake, Ami Twalibu, akashika stoo na wateja. Mzigo ulipaswa kufika uwanja wa ndege Nairobi ukiwa bado mbichi, kwa hiyo baba hakuruhusiwa kusinzia. Alitafuna miraa njia nzima. Akirudi, macho yalikuwa wazi kama ya samaki na mwili umechoka hata kuvua viatu, ndipo alipomeza kidonge cha diazepam ili alale. Madereva wote walifanya hivyo. Vidonge vilinunuliwa kwenye vibanda kama peremende. Jani la kumwamsha, kidonge cha kumlaza, na katikati ya hivyo viwili ndipo sisi watoto wake tulipompata, dakika chache za kikombe cha chai.

Mtaani kwetu kulikuwa na desturi. Jioni ya kuandama mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya magharibi, wanaume walisimama uani pa msikiti na kila mmoja akasema mbele ya wenzake kitu atakachokiacha. Mwenye sigara aliacha sigara. Mwenye bao aliacha bao. Na kuacha kulikuwa kuacha, si kupunguza. Mtu angesema "nitapunguza" angechekwa mpaka mwezi mwingine uandame. Nilimjua mzee mmoja aliyeacha tumbaku kila mwaka kwa kishindo na kuirudia asubuhi ya Idd kabla hajala tambi. Yeye hakuchekwa, maana aliacha yote.

Mwaka ule nilikuwa juu ya ukuta na wasichana wenzangu, tumening'iniza miguu, tukiwasikiliza. Ami Twalibu alikuwa na mdomo mtamu, na siku zote aliutumia kwa ndugu yake.

"Kaka, miraa unaiacha kila mwaka, tumeshazoea," akasema. "Hebu tuambie kile kidonge. Au mpaka ubembelezwe ndiyo ulale?"

Watu wakacheka.  Baba alitoa pakiti ya vidonge mfukoni mwa shati, akaionyesha kama anayeonyesha leseni kwa polisi, akaenda nayo moja kwa moja choo cha msikiti, akaitumbukiza. Takbira ilipigwa ikasikika sokoni. Nilipiga makofi mpaka nikakaribia kuanguka ukutani.

Siku za kwanza hakulala. Mama alidhani ni njaa ya saumu, tena na miraa aliyoiacha, kwa hiyo akamwongezea uji. Kisha masikio yakaanza kumuuma. Kijiko kikigusa kikombe, aliyaziba kwa viganja. Alisema ukuta unapumua. Mwanamume aliyezoea kelele za injini alifoka kwa sababu nimefungua mlango. Wakati wa futari mikono ilimtetemeka hata akanywea chai kwenye bakuli, kama mtoto, na jasho lilimtoka shingoni ingawa Maua majira yale kulikuwa na baridi na ukungu.

Mimi sikuogopa. Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba saumu huzitoa dhambi mwilini kama jasho linavyotoka. Basi nilikaa mkekani nikimwangalia baba akitokwa na dhambi. Kila tone lilinifurahisha. Nilijaribu hata kukisia: hili ni la sala alizolala, hili ni la matusi ya barabarani. Nikawatangazia wenzangu madrasa kwamba babangu anasafishwa kuliko baba yeyote mtaani.

"Basi alikuwa na dhambi nyingi kweli," Rukia akasema. "Za babangu zilitoka siku moja tu, zikaisha."

Nilimvuta ushungi, tukachapwa sote wawili.

Alianguka alasiri moja, penye bomba za kutawadhia, tukiwa tunatoka darasani. Nilimwona akiinama kuosha mguu, kisha akanyooka kama aliyeitwa na mtu, akaenda chini kwa mgongo. Mwili wote ulimruka. Povu lilimtoka mdomoni. Wanaume walimzunguka, mmoja akampelekea kiatu puani anuse, wengine wakaanza kumsomea.

"Ni shetani huyo," Ami Twalibu akasema. "Wenzake wote wamefungwa minyororo mwezi huu, huyu mmoja amebaki nje."

Mama alifika mbio, bila buibui, unga umemjaa mikononi. Yeye alizaliwa nyumba ya Wakristo, wakulima wa majani ya chai huko juu milimani, akasilimu alipoolewa, na Ami hakuwahi kuusahau upande wake wa kwanza. Alipiga ukelele kwa Kimeru, kisha akageuza kwa Kiswahili ili kila mtu amwelewe: "Toeni hicho kiatu! Mlazeni ubavu! Mleteni kwenye gari!"

"Shemeji, ngoja kwanza tumalize kumsomea."

"Someni mkiwa ndani ya gari."

Wakasoma ndani ya gari. Nami nilipanda, hakuna aliyekumbuka kuniteremsha.

Hospitalini alitupokea Daktari Kendi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alimchoma baba sindano, mwili ukatulia. Jioni baba alipofumbua macho, daktari alitugeukia.

"Huyu ameacha kitu gani?"

"Hajaacha kitu, daktari," Ami akasema. "Amefunga tu."

"Ameacha vidonge vya kulala," mama akasema. "Vya miaka mingi. Kwa siku moja."

Daktari Kendi alimgeukia Ami. "Na nyinyi mkampigia makofi?"

"Takbira," Ami akajibu kwa sauti ndogo.

Daktari akavuta kiti karibu na kitanda. "Mzee, kazi yako ni ipi?"

"Dereva."

"Ukitoka Maua umebeba mzigo, mteremko ule wote, unazima injini ujiachilie?"

Baba akacheka kidogo, midomo imepasuka. "Hapana, daktari. Nitakufa. Nashuka na gia."

"Basi hii dawa nayo ni hivyo. Ubongo wako umeizoea miaka yote hiyo. Ukiikata ghafla, unaona kilichotokea, na mara nyingine huenda usiamke. Tunairudisha, tunaituliza, halafu tunapunguza kidogo. Mwili ukizoea, tunapunguza tena. Ukilemewa, tunasimama hapo hapo, na wewe unakuja kwangu. Huongezi mwenyewe, hupunguzi mwenyewe. Na hutafuni miraa."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi. Pengine mwaka. Mwili wako ndio utakaosema."

"Na usukani?"

"Usukani hapana, mpaka mimi niseme."

Hapo nilimwona Ami akitazama dirishani, na baba akimtazama Ami. Kila mtu chumbani alijua kinachozungumzwa. Baba hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na kile kiti cha pikapu, na heshima ya mtu ambaye mbuzi humpisha. Kwenye ukumbi, tukiondoka, Ami alimwambia mama: "Mwambie kaka gari litamngoja. Ila lisingoje sana."

Mama akawa ndiye mtunza dawa. Alizificha juu ya kabati ndani ya kopo la majani ya chai, na kila jioni baada ya futari, na baadaye baada ya chakula cha kawaida, alikipindua kisahani cha chai, akaweka kidonge juu ya mgongo wake, akakikata kwa wembe mpya. Alikata kama anayekata kucha ya mtoto mchanga. Ungaunga uliobaki aliuokota kwa kidole kilicholoa na kumpa baba aulambe, maana hata ungaunga ule ulikuwa ndani ya kipimo cha daktari. Tulianza na kizima na nusu, kikawa kizima, kikawa kizima kilichomegwa pembe. Kila hatua tulikaa nayo majuma. Kuna mwezi hatukushuka kabisa kwa sababu miguu yake ilikuwa inaruka kitandani na alikuwa analia akisikia taarifa ya habari, hata ya bei ya mahindi.

Mimi nilimchukia mama. Maneno ya daktari niliyasikia yote, lakini Daktari Kendi alikuwa amevaa msalaba shingoni, na mtoto wa madrasa ana mahakama yake. Nilichokiona ni kwamba baba alikuwa ametupa haramu mbele ya msikiti mzima, akaanza kutokwa na dhambi, na mama akaenda kuirudisha haramu ile mdomoni mwake kwa vidole vyake.

"Mama, Ami anasema unamrudisha baba alikotoka," nilimwambia jioni moja.

Hakuinua macho kwenye wembe. "Ami yako amewahi kufua shuka za baba yako, mwari?"

"Hapana."

"Basi aje afue kwanza, ndipo aje afundishe."

Mchana baba alikwenda stoo kufunga miraa. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake na vijana: kupanga vijiti kwa urefu, kuvifunga mafungumafungu kwa kamba ya mgomba, kuyavika jani. Dereva kuketi pale ilikuwa kama sheikh kuuza mitumba. Na kila siku vidole vyake vilishika kitu alichokatazwa kukitia mdomoni. Pikapu zikipakia, madereva wenzake walimwita kutoka madirishani.

"Mzee Robo! Leo ni robo au nusu?"

"Leo ni robo," baba alijibu bila kuacha kufunga. "Na wewe bado uko kwa nzima?"

Walicheka, wakaondoa gari kwa kasi.

Lakini maneno ya Ami yalimwingia. Alikuja nyumbani mara kwa mara, akaketi kwenye kiti kizuri, akaeleza jinsi dereva wa kukodi alivyokwaruza pikapu, jinsi wateja wanavyouliza. Kisha alimaliza kwa kutikisa kichwa. "Kaka, hata ndama haachishwi ziwa mwaka mzima."

Baada ya moja ya ziara hizo nilianza kumwona baba akitetemeka tena. Nilimkuta nyuma ya stoo ameingiza mikono makwapani, meno yanagongana, na sauti ya panga la mkata majani inamfanya aruke. Jasho lile lile, shingo ile ile. Nyumbani mama alipoichukua kofia yake kuifua, vipande vya kidonge vilidondoka kutoka kwenye pindo, vimelowa na kukauka. Alikuwa akivitoa chini ya ulimi mara tu mama akigeuka, ili amalize haraka apate gari lake.

Daktari Kendi hakumgombeza. Alisema, "Umejaribu njia ya mkato, barabara imekatika. Turudi nyuma kidogo, tukae." Walirudi nyuma kidogo, na ndani ya siku chache mikono yake ilitulia, akaniomba nimletee sindano ashone kifungo cha shati langu la shule.

Nilimtazama akipitisha uzi na mahakama yangu ikavunjika. Kama kule kutetemeka kulikuwa dhambi zinazotoka, kwa nini zilitoka kila mara Ami alipomharakisha, na zikakoma kila mara mama alipomtuliza? Sikuwa na wa kumuuliza. Ustadhi nilimwogopa, na mama niliona haya kumwendea. Nilianza tu kukaa karibu na kile kisahani, nikawa namshikia taa umeme ukipotea.

Mwezi wa Ramadhani nyingine ulipokaribia, kilikuwa kimebaki kipande kidogo kama punje ya mchele. Daktari alikuwa amesema hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo pa kwenda taratibu kuliko kote. Alasiri ile ile ya kungoja mwezi, Ami alikuja na funguo za pikapu. Aliziweka mezani, mbele ya baba, zikalia.

"Dereva ameondoka. Kesho alfajiri kuna mzigo. Jioni hii simama msikitini useme umeachana nayo, kabisa, kama mwanamume, na funguo ni zako. Sitaki gari la marehemu baba liendeshwe na mtu wa vipande."

"Daktari hajaniruhusu, Twalibu. Nimebakiza kidogo tu."

"Kama ni kidogo, kitupe."

Mama alikuwa mlangoni, akampisha Ami apite. 

Jioni mwezi ulionekana. Safari hii sikupanda ukutani, nilisimama karibu na miguu ya baba. Wanaume waliacha vitu vyao, mmoja baada ya mwingine, yule mzee akaacha tumbaku yake ya kila mwaka. Ami alikuwa amezishika funguo mkononi, akizichezesha. Zamu ikafika.

"Mwaka huu," baba akasema, "mimi siachi kitu kwa siku moja. Miraa sijaigusa tangu mwaka jana. Kidonge, nina kipande kimebaki. Nitakimaliza kwa mwendo wa daktari. Kikiisha, kitakuwa kimeisha."

 Mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo umefunga saumu ya vipande?" na uwanja mzima ukaangua kicheko. Ami alicheka pia, akageuka, akamtupia funguo ndugu wa mkewe, kijana aliyekuwa hajamaliza hata kujifunza kurudi nyuma na mzigo. Nilimshika baba mkono tukaenda nyumbani. Kiganja chake kilikuwa kikavu.

Siku ya mwisho ilikuja bila kutangazwa, mvua zimeanza, barabara ya hospitali ni tope tupu. Daktari Kendi alimpima, akamuuliza maswali yake yote, usingizi, masikio, miguu, hofu, kisha akampa mkono. "Mzee, kwangu huna dawa tena. Na gari unaweza kuendesha."

Baba alivaa kanzu safi siku hiyo hiyo. Alinichukua mimi, sijui kwa nini, labda alitaka shahidi. Stoo ilikuwa imejaa watu wakifunga mzigo. Ami alikuwa kwenye mizani.

"Twalibu, nimemaliza," baba akasema.

"Umemaliza nini, kaka?"

"Vidonge. Vyote. Daktari ameniruhusu kuendesha."

Ami akaweka chini fungu alilokuwa ameshika. Alitazama watu, akainua sauti ili wa nyuma nao wasikie. "Kaka, mbona unajishushia heshima? Wewe uliacha mwaka jana, usiku wa mwezi. Ulivitupa chooni, wote tulikuwepo, tulipiga takbira. Si kweli, jamani?"

Wakaitikia kwamba ni kweli.

"Yaliyofuata ni ugonjwa," Ami akasema. "Tulikuombea, tunamshukuru Mungu. Lakini mtu wa kuanguka hatuwezi kumpa gari la watu."

"Nilianguka kwa sababu nilivitupa."

"Hayo ni ya yule daktari wenu. Daktari hakuwepo msikitini."

Vichwa vilitikisika vikikubali, vya watu wenye macho mekundu, ambao kila mmoja alikuwa na pakiti yake mfukoni. Baba alibaki amesimama kidogo, kanzu imeingia tope pindoni. Alikuwa ameshuka mlima mzima, na chini hapakuwa na mtu wa kumpokea. Hakuendesha pikapu ile tena maisha yake yote, na Ami aliiuza bila hata kumwambia. Nilipokuja kuwa na uwezo wa kumnunulia gari, nikiwa Doha, macho yake yalikuwa yameshafifia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alituona tangu mbali, na hakuuliza. Baba alikunywa maji, akajilaza kwenye mkeka ule wa sebuleni, mchana kweupe, malori yanapiga honi nje na majirani wanatwanga. Nilidhani analia. Nikainama kumtazama usoni. Alikuwa amelala.

Mama aliketi mlangoni, mgongo wake kwa barabara, na kila aliyekuja kuulizia habari za stoo alimwonyesha kwa mkono apite.